Kijineno cha Mkiani

Dereva mmoja wa fuso alimwandikia tajiri yake ujumbe usiku, gari likiwa limekufa njia panda ya Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya: "Boss, we broke up at Makambako." Tajiri ni mgeni, ananunua parachichi za kusafirisha nje, na Kiswahili chake ni cha salamu tu. Akaelewa kwamba dereva na utingo wake wameachana. Akajibu kistaarabu: poleni sana, mambo ya moyo hayaingiliwi, ila parachichi zangu zimebaki na nani?

Ujumbe huo nimeusoma kwa macho yangu. Dereva aliileta simu kwenye steshenari yangu hapa Mjimwema, Njombe, akitaka nimwandikie barua ya kujieleza, maana tayari stendi nzima ilikuwa inamuuliza utingo kama ameshapata mtu mwingine.

Msimcheke haraka. Kiangalieni kitenzi: "broke". Hakuandika "breaked", wala "did broke" kama wanavyoandika wengi. Wakati uliopita aliupata sawasawa, kwa sababu aliuimba kidato cha kwanza kama sisi sote: go, went, gone; break, broke, broken; darasa zima, asubuhi ya Julai, mvuke unatoka mdomoni kwa baridi. Kilichomwangusha ni kijineno cha mkiani. "Broke down", gari limeharibika. "Broke up", wapenzi wameachana. "Broke in", wezi wameingia. "Broke out" ni moto, ugonjwa au wafungwa. Kitenzi ni kile kile, wakati ni ule ule, na mikia hiyo hatukuimbishwa.

Waingereza wenyewe wanalijua jambo hili tangu zamani. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi kwamba ugumu mkubwa unaowapata wageni katika lugha yake unatokana na vitenzi hivi, vinavyogeuka maana kwa kubandikwa kijineno. Akatoa mifano, akaongeza kwamba vingine vya aina hiyo havihesabiki. Akasema amevinakili kwa uangalifu ndani ya kamusi yake, akaamini amewasaidia wanafunzi. Dawa hiyo haijatufikia.

Sisi tunaosema Kiswahili tumezoea kazi hiyo ifanyike ndani ya kitenzi. Mtu alihama Makambako, akahamia Njombe. Imeingia irabu moja tu, na gari la vyombo limegeuza uelekeo. Tukitaka kutaja mahali, tunayo "-ni" ambayo haina ubaguzi: mezani ni juu ya meza, ni pembeni yake, ni popote meza ilipo. Ndiyo maana katibu wa kikao kimoja cha harusi aliniletea muhtasari wa kuchapa, ameuandika kwa Kizungu kwa sababu shemeji mmoja wa bwana harusi anaishi Uingereza na mchango wake ulikuwa unasubiriwa. Muhtasari ulisema: "The elders of both families sat on the table and ate until evening." Nikawaona wazee wetu wa Kibena, na makoti yao na kofia za mzula, wamepanda juu ya meza ya watu, sahani magotini. Nikamwambia aandike "at".

"Kaka, 'at' si ya saa? At four o'clock?"

Ni ya saa, ndiyo. Na ya meza. Halafu jiwe "they threw to me" walinirushia nidake, na jiwe "they threw at me" walitaka kunipasua. Katibu alinisikiliza kwa heshima, akaondoka akisema ataandika "near".

Wapo pia wanaoponzwa na Kiingereza sahihi. Kijana aliyemaliza mafunzo ya JKT Mafinga aliomba kazi ya ulinzi kwenye shamba moja, akaandika: "I passed out in Mafinga." Kwenye usaili meneja, mtu wa huruma, akamuuliza kwa Kizungu kama jambo hilo lilitokea mara moja tu au huwa linarudi. Kijana akasimama wima, akajibu kwamba lilitokea mara moja, walikuwa mamia, mbele ya mgeni rasmi, na beni ilipigwa. Hapo kosa silioni. Jeshi la Uingereza lenyewe linasema "passed out" kwa askari aliyehitimu, na raia wa nchi hiyo hiyo anasema "passed out" kwa mtu aliyezimia. Meneja hakuwahi kuvaa gwanda, kijana hakuwahi kuzimia, kila mmoja akabaki kwenye maana yake. Alipokuja kuniuliza, "Braza, sasa niandike nini?" nikamwambia aandike "completed", kitenzi kisicho na mkia wa kukanyagwa na mtu. Kazi alipata.

Lakini aliyetia fora ni dalali. Biashara ya parachichi imetuletea wanunuzi wa kila lugha. Hata China ilikubali mwaka 2022 kupokea parachichi za Tanzania, na ujumbe wa Kizungu siku hizi unaandikwa mpaka shambani. Dalali huyu alikutana na wakala wa mnunuzi wake stendi ya Makambako bila miadi. Kukutana kwa bahati namna hiyo ni "ran into". Yeye akatuma: "Yesterday I ran over your agent at Makambako. He was very happy. He sends greetings." Mnunuzi akapiga simu kwa sauti ya kutetemeka, anauliza hospitali gani. Dalali hakuona hospitali imeingiaje kwenye biashara, ila akadhani mteja anachagua mahali pa kukutania, akamtajia iliyo karibu. Simu ikakatika. Aliyefuata kupiga ni wakala mwenyewe, mzima kabisa, anauliza nani amemgonga.

Upo na ugonjwa wa kinyume chake, wa kubandika mkia pasipotakiwa. Kwa Kiswahili tulijadili kuhusu maji, basi "we discussed about water". Tuliomba tangi, basi "we requested for a tank". Kiingereza cha vitabuni kinataka "discussed water" na "requested a tank", vikavu hivyo hivyo, ingawa "talked" inadai "about" yake na "asked" inadai "for". Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndivyo ilivyo. Nikivifuta, wateja wananung'unika kwamba barua imepungua na malipo ni kwa ukurasa. Mama mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa aliniwekea mkono mezani: "Mwanangu, rudisha hizo 'about' zangu, wafadhili watasema hatukuwa na la kusema." Nikazirudisha. Tangi likaja, tena la lita nyingi kuliko waliloomba. Na ukisafiri hadi Nairobi au Kampala utasikia "discussed about" vinywani mwa watu wenye digrii zao, kwa hiyo nashuku siku moja kitakachohama ni kitabu.

Maana mikia hii huhama kweli. Mmarekani anasema "she wrote me", Mwingereza anataka "she wrote to me", na barua inafika kote kuwili. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema Yesu alibatizwa "of John"; leo mwanafunzi akiandika hivyo badala ya "by", anakula wino mwekundu.

Hata ukipatia yote hayo, bado hujafika. Mjimwema iko Njombe, iko Makambako, iko Songea, iko Kigamboni. Mgeni wetu mmoja alituma ujumbe safi: "I got off at Mjimwema." Kitenzi sahihi, "off" sahihi, "at" sahihi, naye amesimama na begi lake Makambako, kilomita zipatazo 60 kutoka kwenye chai tuliyomwandalia.

Tusijifanye basi kwamba Kiswahili ni tambarare. Mzee mmoja alileta maelezo ya kumtetea kijana wake, yameandikwa na mtoto wa jirani kwa mwandiko mzuri sana: "Ugomvi ulipoanza kwenye kilabu cha ulanzi, kijana wangu alikimbia polisi." Kumbe kijana alikuwa amekwenda kituoni kutoa taarifa. Silabi moja, "li", ilisahaulika, na shahidi akageuka mtoro.

"Baba, alikimbia polisi au alikimbilia polisi?"

"Alikimbia sana, mwanangu."

"Kuwatoroka au kuwafuata?"

"Kuwafuata! Tena bila viatu."

Mzee alitaka niyageuze maelezo hayo kuwa Kizungu ili yawe na uzito. Nilikataa. "Ran to the police", "ran from the police", "ran over the police": kati ya hizo tatu, moja inamtoa kijana, moja inamfunga, na ya tatu inawaumiza askari. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na mtendaji wa kata hajawahi kudai kingine. Nikachapa "alikimbilia", mzee akalipa, akaniachia na viazi.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Mjimwema zote, barua ya mtendaji, ya mahakama na ya mchumba anayejua Kiswahili, ileteni kwa Kiswahili. Ya mnunuzi wa nje ileteni kabla hamjaituma, si baada. Steshenari inafunguliwa saa mbili asubuhi, na kuuliza kama ni "into" au "over" ni bure.