Namna ya Kufagia Majaribio Hadi Yasisomeke

Umeandika funksheni ya Haskell yenye mstari mmoja. Hongera. Sasa iandikie jaribio la mistari sita, maana maktaba ya HUnit imekupa vifaa na si adabu kuviacha. Anza na TestList, ndani yake TestLabel, ndani yake TestCase, ndipo uite assertEqual, ambayo hudai kwanza maelezo, halafu jibu unalolitarajia, halafu lile lililopatikana. Maelezo yaache matupu: zile alama za kunukuu zisizo na kitu zitajipanga mstari hadi mstari kama waliokuja harusini bila kadi.

Mabano yakikukera, yageuze kuwa kitu kingine. Alama ya dola humeza jozi nzima ya mabano, basi weka dola tatu katika mstari mmoja ujione tajiri. Kisha hamia kwenye vifupisho. HUnit ina @?= na @=?, zote mbili za kupima usawa, ila ya kwanza hutaka jibu lililopatikana liwe kushoto, ya pili kulia. (Alama ya kuuliza hukaa upande wa anayehojiwa; siri hii mfiche mgeni wa ofisi.) Zichanganye kiholela katika faili moja. Jaribio likianguka, ripoti itadai ilitarajiwa 7 ikapatikana 4, kumbe ni kinyume chake, na mwenzako atamaliza asubuhi nzima akitafuta kosa pasipo kosa.

Wavivu hutengeneza orodha ya jozi, ingizo na jibu lake, wakaipitisha yote kwenye funksheni moja. Kila kisa mstari mmoja, hakuna cha kusoma ila data. Jiepushe na hilo. Mkaguzi akikuelewa haraka, atapata nafasi ya kuuliza mbona hujajaribu orodha tupu.

Fundi hasa hufuta hata visa vyenyewe. Koen Claessen na John Hughes wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Sweden, walitangaza maktaba ya QuickCheck mwaka 2000: wewe taja sifa tu, yenyewe itabuni visa 100. Lakini usiishie hapo. Aina za data nazo ni takataka, zitupe. Andika ndani ya GHCi, mkalimani wa Haskell:

quickCheck (\xs -> reverse xs == xs)

Yaani orodha ikipinduliwa inabaki vilevile. Ni uongo mtupu. Ila kwa kuwa hukusema ni orodha ya nini, GHCi itajichagulia aina ya (), yenye thamani moja pekee, na vitu vinavyofanana ukivipindua havibadiliki. Majaribio yote 100 yatapita, na bosi ataomba uwafundishe wengine.