Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Barabara: Tunaomba Mkeka

Waheshimiwa Wahusika wa Barabara Zetu,

YAH: MAOMBI YA ZEBRA YA KUBEBA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunawashukuru kwa kututembelea katika Wiki ya Nenda kwa Usalama. Mlikuja na kipaza sauti, mkagawa kofia zilizowafunika watoto hadi puani, mkawaimbisha: simama, tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, kisha vuka. Darasa langu la kwanza limeshika somo. Wanaliimba hata wakiwa chooni. Waliobaki nyuma ni madereva, ambao hawakualikwa.

Mlipoondoka, watoto waliniachia maswali. Mmoja aliuliza bodaboda inayokuja kinyume cha magari itazamwe upande upi. Mwingine aliuliza zebra mliyoisema iko wapi. Nikamwonyesha lami mbele ya geti, nikamwambia ilikuwa hapo kabla hajazaliwa. Rangi yake iliondoka na matairi.

Ndipo tukapata wazo la mkeka. Fedha hatuombi, bibi wa mwanafunzi mmoja anasuka ukindu. Tunaomba kibali tu. Utakuwa na mistari myeupe na myeusi, upana mita tatu, urefu mita saba, barabara nzima. Utalala ofisini kwa mwalimu mkuu, nyuma ya kabati la vitabu. Saa sita kengele ikilia, viranja wanne wa darasa la sita watajitwisha mkeka hadi barabarani. Wawili watautandika, wawili watakalia pembe zake ili upepo wa malori usiupeperushe. Watoto watavua viatu, maana mkeka ni mkeka, na kuvuka wawili wawili, viatu mkononi. Dereva akiuliza hiki ni nini, kiranja atamkaribisha aketi. Wakati wa mvua tutatumia turubai. Na siku ya mkutano wa wazazi, zebra hiyohiyo wataikalia wazazi, kwa hiyo taifa halitapata hasara.

Limebaki jambo dogo: nani ataukunja? Wenzake wote wakishavuka, kiranja wa mwisho atakuwa ameinama katikati ya barabara, peke yake, na mkeka mkononi.

Hapa, Waheshimiwa, utani umenishinda. Mwanafunzi wangu ana miaka sita. Akisimama nyuma ya daladala haonekani. Kukadiria mwendo wa gari lililo mbali ni kazi inayowashinda watoto wa umri wake popote duniani, hata mwenye akili kuliko wote. Anahitaji sekunde saba kuvuka. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa halali penye makazi, hukata karibu mita 100 katika sekunde hizo saba. Na hapa kwetu nani anakwenda 50? Mwanafunzi huyu ndiye mliyemkabidhi mzigo wa usalama, naye hajui hata kufunga kamba za viatu. Mtoto mmempa wimbo. Lori mmelibandika stika.

Mniwie radhi. Maombi mengine ni mepesi. Misafara yenu ikishapita, mtuazime king'ora kwa dakika kumi kila mchana. Tumeshuhudia kwamba magari yote ya nchi hii yana breki. Kofia za mwakani zigeuzwe ndoo moja ya rangi nyeupe. Na ule wimbo uongezewe ubeti wa dereva, hata kama ni wa neno moja: simama.

Matuta hatuyaombi. Utaratibu wake tunaufahamu. Shule ya jirani ilipata matuta matatu ndani ya wiki moja, bila barua wala kikao. Mtoto aligongwa asubuhi akienda shule. Kabla ya adhuhuri wazazi walikuwa wamefunga barabara kwa mawe na magogo. Jioni wakubwa walifika, wakatoa pole, wakapima. Matuta ni mazuri, na magari yanapunguza mwendo.

Bei yake tumeiona. Ndiyo maana sisi tumeanza na karatasi.



Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Darasa la Kwanza