Kujitolea Mpaka Polisi

Sudbury, Kanada
27 Desemba

Mama, Baba, Shangazi, Dada na wote wa Ngokolo, Shinyanga:

Kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, niseme mwenyewe: nimekwenda polisi. Sikukamatwa. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikiwa na miadi, kwa sababu nilitaka kuwapakulia wazee viazi siku ya Krismasi.

Najua hapo Shangazi ameshaanza kucheka. Huku mtu hakurupuki tu kusaidia, anaomba. Nilijaza fomu iliyouliza kwa nini nataka kujitolea. Nikaandika kwamba likizo ni ndefu na sina pa kwenda. Ikarudi, nieleze kwa kirefu. Nikataja wadhamini wawili. Nikafanyiwa usaili kwa video, nikaulizwa udhaifu wangu ni upi, na kazi yenyewe ni sufuria na upawa. Mwishowe wakasema anayehudumia wazee, watoto au wagonjwa sharti awe na cheti cha polisi kwamba si mtu wa kuogopwa. Hilo nililikubali bila kinyongo, hata kwetu kuna mahali lingefaa. Ila sikujua kwamba Baba alikuwa ameshaniponza siku ya kuniandikisha darasa la kwanza.

Sheria iko hivi. Serikali ina orodha ya watu waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa ambayo siwezi kuyataja mbele ya Mama, kisha baada ya miaka wakasamehewa na rekodi zao zikafichwa. Ukiomba cheti, kompyuta haihangaiki na jina lako, maana jina mtu hubadilisha. Inatazama jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Vikilingana na vya mmoja wao, hata kama yeye ni Mzungu wa Vancouver na wewe ni Msukuma wa Shinyanga, unatakiwa utoe alama za vidole kuthibitisha kwamba wewe si yeye. Sasa Baba, mwalimu alikuuliza nimezaliwa lini, ukajibu "wakati wa palizi", naye akaandika 1 Januari akamwita anayefuata. Nusu ya darasa letu tulizaliwa siku hiyo. Nilidhani ni mambo ya Kanda ya Ziwa tu. Kumbe dunia nzima, aliyekosa tarehe anagawiwa hiyo hiyo: pale kituoni mbele yangu alikaa Msomali, nyuma yangu kijana wa Sudani Kusini, wote Januari mosi. Tukatakiana heri ya kuzaliwa mapema, maana siku yenyewe ofisi zitakuwa zimefungwa.

Mashine ya vidole haina wino. Ni kioo kinachowaka mwanga, na skrini inayotoa hukumu. Mnakumbuka ile Januari ya 2020, nchi nzima inakimbizana kusajili laini za simu kwa alama za vidole kabla hazijazimwa? Mama, ulikaa chini ya mwavuli wa wakala tangu asubuhi, kila kidole kinakataliwa, mpaka yule kijana akakwambia jembe limekula alama zako. Dole gumba la kushoto ndilo lililokuokoa. Mimi jembe nililitoroka siku nyingi, ninyi ni mashahidi, lakini baridi ya huku hukausha ngozi ikapauka kama mguu wa mchunga ng'ombe wa kiangazi, na mashine ikanikataa vile vile. Askari, mama wa makamo, akaushika mkono wangu akawa anaviringisha kidole kimoja kimoja juu ya kioo. "Legeza, niachie mimi," akasema. Jamani, kulegeza mkono ulioshikwa na polisi ni ufundi ambao Mtanzania hajafundishwa. Akivuta, na mimi navuta. Skrini ikaendelea kuandika nyekundu. Hatimaye akatoa chupa ya losheni kwenye droo, akanipaka vidole vyote, taratibu, na katikati ya vidole, huku akiniuliza kama nimeshapata koti la maana. Hapo nilinyamaza kidogo. Tuendelee.

Cheti kikatoka, nikaenda kwenye mafunzo. Msimamizi wangu alikuwa binti wa miaka 16. Hapa Ontario mwanafunzi wa sekondari hahitimu mpaka atimize saa 40 za kuhudumia jamii, kwa hiyo jikoni tulijaa watoto wanaolazimishwa kujitolea kwa hiari yao. Huyu binti saa zake alishazimaliza akanogewa, ndiyo akapanda cheo. Alinifundisha kuvaa wavu wa nywele (nina upara, mnajua, akasema wavu ni wavu) na kuchomeka kipimajoto kwenye viazi vya kupondwa. Chakula cha moto kikishuka chini ya nyuzi 60, hakipakuliwi. Nikamweleza kwamba kwetu Mama hugusa sufuria kwa mgongo wa kidole na hajawahi kukosea. Akaniuliza hicho kidole huwa kinasafishwa kwa dawa gani.

Mimi hapa, mhandisi wa miamba, niliyewahi kupewa kofia ya usimamizi mgodini Geita, namwitikia mtoto "sawa, bosi." Na ndiye mimi ambaye misibani nilikuwa nawahi kuketi na wazee nikijifanya nasikiliza habari za minada, ili sururu za kaburini ziwafikie wengine kwanza. Kwetu kusaidia hakuombwi, kunakuvamia. Ukipita karibu na turubai umeshapewa sufuria uoshe. Walinzi wa Sungusungu wa huko kwetu, tangu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimuuliza nani wadhamini wawili? Filimbi ikilia unatoka, na usipotoka unatozwa faini. Nilivyokwepa vya bure vyote vile, leo napanga foleni polisi nikabidhiwe upawa.

Maisha mengine ya sikukuu msiyaonee huruma, nimealikwa kila mahali. Ila mwaliko wa huku una saa ya kuanza na saa ya kuisha. Jirani aliniandikia: chakula, saa 12 jioni mpaka saa 2 na nusu usiku. Nikadhani ni makadirio. Ilipofika saa 2 na dakika 25 mwenyeji akajipiga mapaja kwa viganja viwili, pa, akashusha pumzi, na wageni wote wakasimama kama waliosikia kengele. Dakika tano baadaye tuko nje, kila mtu anachomoa gari lake kwenye umeme. Ndiyo, ni magari ya petroli, na usiku huchomekwa kwenye umeme ili injini isigande. Baba, usiniulize. Hakuna aliyetusindikiza hata hatua tatu. Kwetu kumsindikiza mgeni tu ni ziara ya pili, mnafika kwenye mwembe, mnaanza habari upya, mnageuka anawasindikiza yeye.

Shangazi, michembe yako ya viazi vitamu ilifika salama, na mimi nikaibeba kwenda kwenye sherehe ya ofisini. Ni sherehe ambayo mwalikwa anakwenda na chakula chake, yaani mwenyeji anachangia meza tu. Niliichemsha vizuri na karanga za kutwanga kama unavyofanya, nikaingia kwa kujidai. Mlangoni nikapewa kadi niandike viambato. Nilipoandika karanga, chumba kilipoa. Huku kuna watu karanga inaweza kuwaua, si utani, na baadhi ya ofisi hazitaki hata iingie mlangoni. Sufuria langu likapelekwa kwenye meza ya peke yake, karibu na mlango wa dharura, na karatasi ya onyo juu ya kifuniko. Nikasimama nalo kama mfiwa. Wafilipino wawili na fundi mmoja wa Ghana ndio waliokuja, na walikomba mpaka ukoko. Tuma nyingine.

Krismasi yenyewe nilipakua. Mzee mmoja alinizuia na sahani yake, akauliza natoka wapi. Nilipotaja Tanzania akasema "Bulyanhulu," akalitafuna jina lakini akafika nalo. Alikuwa mchimba nikeli miaka yote, na Barrick, wanaouendesha mgodi huo, makao makuu yao yako Toronto, kwa hiyo watu wa migodi wa huku jina hilo wanalo. Nikakaa naye, viazi vikapoa chini ya nyuzi 60, bosi wangu akanikazia macho.

Kabla mzee hajanieleza, sikujua mji huu ulikuwa na upara kuliko mimi. Moshi wa kuyeyushia madini uliua miti na kuyafanya mawe meusi, kiasi kwamba wanaanga wa Apollo walipokuja mazoezini 1971 na 1972 watu walisema ni kwa kuwa panafanana na mwezini. Kweli ni kwamba walikuja kusoma miamba ya shimo lililochimbwa na kimondo, lakini wenyeji wanapenda ile nyingine. Tangu 1978 watu wamekuwa wakipanda vilima hivi kumwaga chokaa kwa mikono na kuotesha miche, na sasa miti imepita milioni 10. Mzee alikuwa mmoja wa vijana waliobeba mifuko ile ya chokaa kwa ajira ya kiangazi. Nikamwambia na sisi wa Shinyanga Mwalimu Nyerere alishatuita jangwa, kisha 1986 ukaja mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu wakarudia ngitili zao za jadi, yale malisho ya kutengwa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Akauliza tulipanda miti gani. Nikasema sehemu kubwa hatukupanda, tulizuia ng'ombe tu mvua zikinyesha, visiki vikachipua vyenyewe. Aliweka uma chini. Kiangazi kizima na mifuko ya chokaa mgongoni, kumbe kuna watu walifunga tu mlango wa zizi. Sikumwambia ni fimbo ngapi nilichapwa na Babu kwa mbuzi walioingia kwenye ngitili nikiwa nimelala.

Sasa jambo la mwisho. Asubuhi hii nimeamka nikakuta nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la sendofu ya binti wa Shangazi, nimepangiwa ahadi ya shilingi laki tano, na nimechaguliwa mweka hazina kwa kauli moja, nikiwa usingizini, bila fomu, bila usaili, bila mtu kuniuliza udhaifu wangu. Mnaniamini na fedha za watu nikiwa upande wa pili wa dunia, na huku hawakuniamini na viazi. Nimekubali. Dada apokee michango kwa simu yake, mimi nitashika daftari. Kadi ya mtu mmoja isizidi elfu hamsini, watu wametoka kulipa mbolea. Kikao cha Jumapili mkikiweka saa kumi jioni, kwangu ni saa mbili asubuhi. Nitakuwepo, ila msinipe kufungua kwa sala wala msiwashe kamera, nitakuwa bado nimejifunika blanketi.

Mwanenu