Mbio za Chapwa kwa Saa ya Zambia

Kila mwezi wa tatu binamu yangu aliyeko Uingereza hutuma ushauri kwenye kundi la ukoo: baridi inaondoka, jua limetoka, acheni sukari, anzeni kukimbia. Ushauri mzuri, ila unatufikia huku Chapwa, Tunduma, wakati mvua zilizoanza Novemba hazijachoka, na ukitoka nje na raba unarudi na kilo mbili za udongo wa Tunduma kila mguu. Kwetu Songwe msimu wa mambo hayo ni Agosti kwenda Septemba. Baridi ya Juni na Julai, ile ya kuoga kwa kubembelezana na ndoo, inakatika. Miti ya miombo inachipua majani mekundu kabla tone la mvua halijaanguka. Na matumbo yaliyofichwa ndani ya makoti yanatoka hadharani.

La kwangu lilipotoka, muuguzi alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha, akatazama namba, akasema kwa upole, "Baba, chumvi punguza. Na utembee." Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi dakika 150 kwa wiki na asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Gramu 5 ni kijiko kimoja cha chai. Zege la stendi linakimaliza kijiko hicho kabla kachumbari haijafika.

Nikaamua kukimbia alfajiri. Hapo nikakutana na tatizo ambalo binamu yangu hawezi kulielewa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu za huku mpakani hazina uzalendo: usiku zinashika mtandao wa Nakonde, zinajirudisha nyuma saa nzima bila kumuuliza mwenye mali. Nilitega kengele ya saa kumi na mbili. Ikalia saa kumi na mbili kweli, ya Zambia, wakati Tanzania ni saa moja na watoto wa shule wamejaa barabarani. Simu ya mke wangu haikuhama. Kwa hiyo tulikuwa tunalala kitanda kimoja, yeye yuko Tanzania, mimi niko ng'ambo, na akiniamsha namwonyesha simu: "Bado mapema, mama." Ushahidi ninao mkononi.

Siku nilizowahi, sikukimbia peke yangu. Mtu mzima anayekimbia Chapwa lazima awe na sababu, na watu wema wanataka kumsaidia. Kijana wa bodaboda alinifuata taratibu hatua nyingi, mwisho akashindwa kuvumilia: "Mzee, panda tu, utanilipa jioni." Nikahamia vichochoroni kukwepa huruma. Huko mgambo mmoja akanisimamisha, akanimulika tochi kuanzia kichwani hadi kwenye raba, akatazama nyuma yangu gizani. "Mzigo umeuacha wapi?" Nikamwambia nafanya mazoezi. Akacheka sana. Akasema hilo hajawahi kulisikia, na kwamba wa magendo ya sukari huwa wanasema wanatafuta ng'ombe.

Nikarudi barabara kuu, kwenye malori. Foleni ya kungoja kuvuka mpaka ikiwa ndefu, utakimbia na matela upande mmoja mpaka pumzi ikuishie: mafuta ya Lubumbashi, mbolea, magari ya mitumba. Madereva wanaamkia hapohapo. Wanafungua lile sanduku la ubavuni mwa lori, jiko linawashwa, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa inakupata ukiwa na njaa ya kukimbia. "Karibu chai, mkuu!" Sasa niambie, nani kakulea wewe upite mtu anakukaribisha chai ujifanye husikii? Unasimama. Unapewa kikombe chenye sukari ya kutosha harusi, na chapati. Ukimaliza, wa lori linalofuata naye ameshachemsha.

Hata hivyo nilikonda kidogo, na hilo likaleta mengine. Shangazi alikuja kutoka Mlowo na maharage na parachichi, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole. "Mwanangu, unaumwa nini?" Nikamweleza presha, chumvi, mazoezi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayedanganywa kistaarabu. Kwenye mji wa malori, ukikonda watu hawafikirii mazoezi. Jioni aliingia jikoni mwenyewe, na sufuria ya nyama iliyotoka humo ilikuwa na mafuta ya kuangalia sura yako.

Lakini lililonishinda kabisa ni maji. Wanasema kunywa maji mengi. Nikanywa, lita moja na nusu, nikiwa Vwawa, nikapanda Kosta ya kurudi. Kufika Mpemba tukakuta malori yamesimama, na yale ya upande wa pili yaliyobeba shaba ya Kongo nayo yamejipanga kama mkutano. Gari likazima injini. Kinababa wawili wakaanza kujadili Simba na Yanga. Mimi nikaanza kuhesabu matairi. "Konda," nikamwita kwa sauti ya chini, "tutafika saa ngapi?" Akauliza, kwa sauti ambayo gari zima lilisikia, "Mjomba, umebanwa?" Nikashuka. Kutoka pale hadi nyumbani nilikimbia mfululizo, na ajabu ni kwamba hakuna bodaboda aliyenifuata wala mtu aliyeuliza kitu. Walinipisha. Sura ilijieleza.

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Mkoa wetu ulimegwa kutoka Mbeya mwaka huohuo, kwa hiyo mkoa na agizo ni rika moja, ingawa mkoa ndio uliokua. Majirani tumekubaliana tulifufue huku mtaani. Watu tukiwa kumi, hata mgambo ataamini. Kwa hiyo msomaji wa Chapwa, Jumamosi ya pili ijayo karibu: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ya Tanzania. Chai kunywa kwako kabisa. Maji, mafunda mawili yanatosha.