Giza la Mara Nane

Jumapili
Kibuye, upande wa mitumba. Darubini ya macho mawili, imeandikwa 8x42. Nimeielekeza Kondele, nikaona giza. Muuzaji akasema, "Mwalimu, hii hata usiku inafanya kazi." Hilo sikuwa na sababu ya kulikataa. Nimelipa.

Jumatatu
Juu ya paa la ploti, Migosi. Nia yangu ilikuwa vilima vya Riat. Nimepata giza lenye ukingo mweupe upande wa kushoto, kama mwezi mwandamo. Keateka amepanda kuuliza iwapo ninakagua tangi. Amejaribu yeye. Ameona Riat, ameona ndege ikishuka uwanjani, na ameniarifu kwamba kuku wa ploti jirani wameingia kwenye sukuma wiki yangu. Sukuma wiki hiyo iko chini yetu tu, lakini amependa kuitazama kwa darubini.

Jumanne
Vifuniko vimetolewa. Naandika hapa kwa sababu kila ninayemsimulia huanza na vifuniko: mama mboga, kijana wa bodaboda, pasta. Sasa navibeba mfukoni na kuvionyesha kabla ya salamu.

Jumatano
Mjukuu amekuja na kalkuleta. Amegawa 42 kwa 8, akapata 5.25. Hizo, anasema, ndizo milimita za kiduara cha mwanga kinachotoka nyuma ya kila mrija, na jicho sharti likae papo hapo. Likienda kando, giza. Likikaa mbali au karibu mno, giza. Nayo mboni, jua la Kisumu likiwaka, hujifinya hadi milimita 2 au 3. "Kwara, macho yako yamekaribiana kuliko mirija." Dawa yake ni kukunja bawaba ya katikati. Bawaba ina kutu. Tena, kwa kuwa navaa miwani, vile vikombe vya mpira vinapaswa kukunjwa ili jicho lisogee. Amekunja kimoja. Kimebaki mkononi mwake.

Alhamisi
Mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Suruali ya kanisani imepata mengi zaidi.

Ijumaa
Dunga, ndani ya mtumbwi, kando ya mafunjo. Mwongozaji amenionyesha gonoleki: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano. Ndege huyo hakai ila kwenye mafunjo, na kuna watu huvuka bahari kuja kumtazama. Nimemsikia vizuri sana. Bawaba sasa inakunjika ila haitulii. Kila wimbi linaifungua. Mwongozaji akanishika mabega, akanigeuza. "Sasa waona nini, Mwalimu?" Nikasema giza. Akasema hapana, hicho ni kiboko, akaanza kupiga kasia kuelekea kwingine.

Jumamosi
Nimeifunga bawaba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Usiku hauna mwezi, wa kuwafaa wavuvi wa omena, ambao huwasha taa majini samaki wazifuate. Keateka anaapa kwamba taa hizo zaonekana kutoka paa letu, nami nimekaa huko hadi saa nne. Mama wa ploti jirani amepeleka malalamiko kwa mwenye nyumba kwamba nawachungulia. Mwenye nyumba amenipigia simu. Nimemhakikishia kwamba tangu Jumapili sijaona kitu. Ameuliza basi huko juu napanda kufanya nini, na kodi imefika wapi.