Bushi Hazina Heshima

Ukitaka kujua watu wa mjini wana masikio, pita Msimbazi na gari linalogonga. Peugeot 404 yangu ikipanda tuta, chini panaita: go! Mwenye guta anageuka: "Mzee, bushi hizo!" Muuza maji kwenye foleni naye: "Bushi, mzee." Hata konda wa daladala, ambalo mlango wake umefungwa kwa kamba, ananionea huruma.

Najua ni bushi. Ni mpira mnene uliobanwa kati ya vibomba viwili vya chuma, kimoja ndani ya kingine, pale mkono wa tairi la mbele unapoungana na bodi. Kazi yake ni kumeza mtikisiko huku mkono ukicheza. Uzee, joto na oili inayovuja huulegeza; mashimo yetu huumalizia. Ukishachanika, chuma kinagonga chuma, usukani unavuta upande na tairi linalika upande mmoja.

Na hili si gari la kuchekwa. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Dar, alishinda mbio za Safari Rally na mwenzake Chris Rothwell kwa 404 mwaka 1966, wakarudia 1967. Nimeyasema hayo kwenye duka la spea Gerezani. Kijana akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza: "Kwa hiyo ni Toyota gani, mzee?"

Kariakoo hukosi kitu, ilimradi kiwe cha Toyota. Bushi za IST na Noah zimejaa mpaka barazani. Za kwangu? "Lete sampo." Sampo iko chini ya gari, na gari ndilo lililonileta! Mwingine anachomoa bushi ya gari asilolijua, anaipima kwa vidole viwili na kuapa: "Inakaa hiyo." Wa tatu, mwenye mashine ya kuchonga, anataka kunichongea ya nailoni. Nailoni inadumu, sikatai, ila ni ngumu, kila kokoto linakuletea taarifa mgongoni. Na mgongo wangu nao hauna spea.

Bushi za mpira wenyewe zikapatikana hatimaye, kwa bei ambayo nyumbani sijaitaja. Fundi akazitoa zile kuukuu kwa presi, akaingiza mpya, akashika spana akaze nati gari likiwa bado juu ya jeki.

"Fundi, shusha kwanza! Gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze."

Maana nati ikikazwa tairi zikining'inia, kibomba cha ndani kinang'ang'ania hapo hapo. Gari likishuka, mpira unabaki umejinyonga mchana na usiku, na haukawii kuchanika.

"Mzee, miaka ishirini nakaza hivi hivi."

"Ndiyo maana wateja wako wanarudi kila mara."

Akafuta mikono kwa tambara, akanitazama kwa upole. "Sasa mzee wangu, wasiporudi, mimi nitakula nini?"