Jinsi ya Kulipia Harusi kwa Kadi, Kuanzia Kahama Hadi Katoro

Marekani kuna maharusi wanaolipia ukumbi, chakula na mpiga picha kwa kadi ya mkopo, wakavuna pointi, kisha pointi hizo zikawapeleka fungate kwa ndege bila kununua tiketi. Mpango huo unamfaa anayelipa deni lote kila mwisho wa mwezi. Asiyeweza hukutana na riba inayozidi asilimia 20 kwa mwaka, na tiketi ya bure inamtokea puani.

Kwetu kadi za mkopo ziko kwenye benki chache, na kadi nyingi tunazochomeka kwenye mashine zinatoa pesa yetu wenyewe. Hata ukiwa nayo, jaribu kumkabidhi mwenye maturubai na viti pale Katoro. Atakutajia namba ya simu, kisha atakukumbusha uweke na ya kutolea.

Hata hivyo, kadi yenye pointi tunayo: kadi ya mchango. Imeandikwa bei yake, mara nyingi singo ya mtu mmoja 50,000 na dabo ya wawili 100,000, ina jina la katibu na namba za kutumia pesa. Mwongozo huu ni wa kijana wa Shinyanga, Kahama au Geita anayetaka kuoa Jumamosi na asiamshwe Jumatatu na mdai. Naipenda kadi hii, na naamini ikitumiwa vizuri inatosha.

Anza kukusanya pointi kabla hujapata mchumba. Kadi ya mwenzako ikikufikia, lipa wiki ya kwanza. Kwenye kundi la WhatsApp la kamati kuna orodha inayorudiwa kila mchango unapoingia: namba, jina, ahadi, alicholipa, baki, na alama ya vema kwa aliyemaliza. Watu huisoma orodha hiyo kwa makini kuliko gazeti. Anayewekewa vema mapema, wakati kamati bado haina hata ya kushikia ukumbi, hasahauliki. Anayemaliza ahadi mlangoni siku ya sherehe naye hukumbukwa, ila kwa jina lingine.

Huna 50,000? Pointi zinapatikana kwa njia nyingine. Madebe mawili ya mchele wa Kahama ni mchango. Mbuzi ni mchango. Mwenye gari akijitolea kubeba masufuria na wazee kutoka kijijini, huo ni mchango mkubwa. Na mama aliyekesha mbele ya moto akipika pilau kwenye harusi tatu za mtaa ana pointi nyingi kuliko bwana wa dabo aliyefika saa nne usiku akala na kuondoka. Kosa la kamati nyingi ni kuandika pesa tu. Katibu aandike na hizi, kwa sababu siku mama huyo anaposindikiza binti yake, kadi yake inastahili kujibiwa kwa uzito uleule.

Wazee wa Kisukuma wanaujua utaratibu huu kwa ng'ombe. Mahari ya dada ndiyo iliyomwozesha kaka, na baba mdogo aliyetoa ndama alitazamiwa kukumbukwa ng'ombe wa mahari ya binti walipoingia zizini. Hakuna aliyehitaji karatasi, maana ukoo mzima ulikuwa daftari. Kwenye machimbo ya dhahabu mambo ni tofauti. Geita imejaa Wasukuma, Wasumbwa na Wazinza, pamoja na Waha, Wahaya na Wakurya waliokuja kutafuta, na shangazi yako yuko mbali. Kwa hiyo ingia kwenye chama cha watu wa kwenu, au kikoba cha mtaani, na ukae humo muda wa kutosha watu wakujue kwa vitendo.

Ukishapata mchumba, unda kamati. Mwenyekiti anaweza kuwa mcheshi, lakini mweka hazina awe mtu ambaye hata msipopatana unamwamini. Pesa isikae kwenye laini yake binafsi. Tangu 2019 kuna M-Koba, akaunti ya kikundi ndani ya M-Pesa, ambayo pesa haitoki mpaka viongozi walioteuliwa waidhinishe. Hilo linamlinda hata mweka hazina mwenyewe, maana minong'ono ya kwenye vikao huua urafiki wa miaka.

Sasa tufike kwenye ahadi, na hapa ukanda wa dhahabu una somo lake. Kikao cha pili, baada ya soda na bia kupita, kaka mmoja mchimbaji wa Rwamgasa anasimama na kuahidi 500,000. Watu wanapiga vigelegele, katibu anaandika. Hiyo 500,000 bado iko chini ya ardhi. Duara, yaani shimo lake la kuchimbia, litoe mawe kwanza, mifuko igawanywe, zamu ya karasha la kusaga mawe ifike, unga uoshwe mwaloni, na kilichobaki kwenye marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, kisubiri plant ya kuuchenjua. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, mwenye dhahabu mkononi hujua bei yake siku hiyohiyo; shida ya kaka yetu ni kwamba bado haijafika mkononi. Huenda akawa mkweli kabisa. Lakini duara lisipotema atanyamaza kwa aibu, na ikitokea rashi mpya, watu wakikimbilia dhahabu iliyoonekana upande mwingine wa nchi, atahama na ahadi yake.

Kwa hiyo katibu awe na safu mbili: pesa iliyoingia, na pesa ya duara. Bajeti itoke safu ya kwanza peke yake. Anza na chakula, kisha viti na maturubai, kisha mziki. Mapambo ya dari, keki ya ngazi saba na msafara wa magari vingoje safu ya pili. Duara likitema, vitaongezwa hata siku mbili kabla. Lisipotema, wageni watakuwa wameshiba, na mgeni aliyeshiba haulizi dari ilipambwa na nani.

Wiki ya mwisho ndiyo ya hatari. Umepungukiwa 2,000,000, simu iko mkononi, na mikopo inakuita. Kwa taasisi ndogo za fedha zisizopokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote, hiyo ni 70,000 kila mwezi, 840,000 kwa mwaka. Kwa mkopeshaji wa kausha damu anayetoza asilimia 20 kwa mwezi ni 400,000 kila mwezi, yaani singo nane zinazoyeyuka, na mke hajamaliza hata kupanga vyombo. Kuhusu mikopo ya programu za simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ukichelewa kulipa, baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo humwandikia kila aliye kwenye orodha ya namba zako, wakiwemo wakwe uliowalipa mahari mwezi jana. Punguza wageni. Punguza vinywaji. Fanya sherehe mchana nyumbani kwa wazazi. Nawasihi vijana, chochote kati ya hivyo ni afadhali.

Harusi ikiisha, kamati haijaisha. Iitisheni tena kwa kikao cha kuvunja kamati, mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wote, na baki wakabidhiwe maharusi. Kabla katibu hajabadilisha simu, chukueni ile orodha yote, pamoja na mchele, mbuzi na waliokesha jikoni, muinakili kwenye daftari la nyumbani kwenu. Kadi ya kwanza itabisha hodi ndani ya mwezi, na mtatakiwa kujua ni ya nani.